Marini bodi za milimita 18 zinazouzwa Mwanga, Kigoma: lipia gundi, usilipie weusi

Nianze na uamuzi, mwenye haraka asisumbuke. Ukikuta dukani marini bodi mbili za milimita 18, ile plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege, moja shilingi elfu hamsini na tano na nyingine elfu sabini na nane, chukua ya sabini na nane, mradi muuzaji akubali ukate kona ukaichemshe. Akikataa, vuka barabara uende duka la pili. Ya bei ya juu naipa nyota nne kati ya tano. Ya bei ya chini naipa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu bado inafaa kutengenezea mlango wa banda la kuku.

Kazi yangu ni kukodisha mabodi na mirunda kwa mafundi wa Kigoma mjini, Ujiji, na mara nyingine hadi Kidahwe. Zamani nilifundisha kemia, ndiyo maana mafundi wananiita mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga darasa langu. Mkodishaji haangalii bodi kwa jicho la mwenye nyumba. Mwenye nyumba anataka bodi imalize slabu yake, basi. Mimi nataka bodi ileile iende Gungu, irudi, ikwanguliwe zege, ipakwe oili chafu, iende Katonga, irudi tena. Ikifumuka mara ya tatu, hasara ni yangu, fundi yeye ameshalipwa na kuondoka.

Mabodi yanayofika huku yanatoka zaidi sehemu mbili: China, na Mafinga kwetu, ambako misitu ya Mufindi imevuta viwanda vya plaiwudi. Vipimo ni vilevile, milimita 1220 kwa 2440. Sura nayo ni ileile: uso unaong'aa, mweusi au wa kahawia, na ubavuni mhuri wa WBP, herufi za Waingereza zinazodai kwamba bodi inastahimili mvua, jua na hata kuchemshwa. Mhuri huo usikulaze usingizi. Kupiga mhuri ni wino tu.

Uso nao haukuambii kitu. Ile ngozi nyeusi ni karatasi iliyolowekwa resini ya fenoli na kubanwa kwa moto, na hata bodi duni inawekewa, kwa kuwa karatasi ni nyembamba na resini yake ni gramu chache. Gharama imejificha ndani, kwenye gundi inayoshikanisha tabaka za mbao nyembamba, ambazo kwenye bodi ya milimita 18 kwa kawaida ni kumi na moja hadi kumi na tatu. Kila tabaka mbili zinapokutana kuna gundi, bodi nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapoamua atabana wapi.

Nilinunua moja moja ya kila aina kabla ya kuagiza mzigo. Nikakata kona ya ukubwa wa kiganja kwa msumeno wa mkono, nikaipiga msasa ukingoni hadi mistari ya gundi ikatokeza. Ya elfu sabini na nane ina mistari ya kahawia iliyokoza, inaelekea wekundu, myembamba, haikatiki popote. Ile nyingine mistari yake imepauka, sehemu nyingine huioni kabisa, na katikati kulikuwa na pengo ambalo njiti ya kiberiti inaingia bila kusukumwa: vipande viwili vya tabaka la ndani havikukutana. Zege bichi linakandamiza kweli kweli, na pengo kama hilo ndipo bodi inapobonyea.

Lakini rangi peke yake si ushahidi. Gundi ya melamini ikitiwa rangi inakuwa nyeusi vizuri tu. Kwa hiyo chemsha. Kipimo cha Ulaya cha plaiwudi ya kukaa nje kinataka kipande kichemshwe kwa muda wa saa 4, kikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 16 hadi 20, kichemshwe tena saa 4, kipozwe, halafu kivutwe na mashine hadi kiachie. Sina oveni ya maabara wala mashine ya kuvuta. Nina jiko la mkaa, sufuria kuukuu na jiwe la kukandamizia ili vipande visielee. Jua la Kigoma likafanya kazi ya oveni.

Mchemsho wa kwanza ulitosha kuitoa mashindanoni bodi ya elfu hamsini na tano. Ukingo ulivimba, na kisu cha jikoni kiliingia katikati ya tabaka bila nguvu. Tabaka la juu nililibandua kwa vidole, na upande wake wa ndani ulikuwa laini, hauna hata unyuzi mmoja wa mbao uliong'oka. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia. Gundi ikiwa imara, ukilazimisha kubandua, mbao inachanika yenyewe na kuacha nyuzi zake upande wa pili. Bodi ya pili, baada ya mchemsho wa pili, ilikuwa imevimba kidogo kama mbao yoyote iliyolowa, maji ya sufuria yamekuwa mekundu meusi, na nilipoichokonoa kwa patasi ilichanika mbao, gundi ikabaki pale pale.

Tofauti hiyo ni kemia ya kidato cha sita. Gundi ya bei ya chini ni urea na formaldehaidi. Ni urea ileile tunayomwagia mahindi. Muungano wake una tabia ya kurudi nyuma ukikutana na maji na joto. Maji yanaukata pale pale ulipofungwa. Wakiongeza melamini inakaza kiasi, inavumilia mvua za msimu mmoja hivi. Fenoli ikishikana na formaldehaidi, kaboni inafungwa kwa kaboni, na maji hayana pa kushikia. Mtu anayekuambia gundi zote ni gundi anakuuzia mbolea kwa bei ya fenoli.

Kijana wa dukani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike yote haya. "Sawa mwalimu, lakini mbona mafuta duniani yakishuka hii nzuri haishuki? Si umesema fenoli inatoka kwenye mafuta?" Nikamwambia, mwanangu, hilo swali wapo wahasibu wa viwanda vikubwa wanaolipwa kulijibu.

Fenoli ilianza kama mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Daktari Joseph Lister alipoanza kuitumia kwenye vidonda vya wagonjwa Glasgow mwaka 1865, ilikuwa ya makaa. Shida ya chanzo hicho ni kwamba hakuna anayechoma makaa kwa ajili ya fenoli. Unapata kiasi ambacho tanuri za chuma zimekuachia, hata ulie. Mwaka 1907 Leo Baekeland akapata njia ya kuigeuza fenoli na formaldehaidi kuwa plastiki ngumu, Bakelite, ambayo ni ndugu wa damu wa gundi ya bodi yetu. Mahitaji yakapanda, makaa hayakutosha.

Njia ya kwanza ya kuitengeneza kiwandani ilikuwa kupika benzini (kemikali, si petroli) na asidi ya salfuriki, kisha kuyeyusha kilichopatikana ndani ya kostiki soda. Faida yake ni kwamba mitambo ni rahisi na unaweza kuanza haraka. Thomas Edison alifanya hivyo hasa: Vita vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Uingereza ikazuia fenoli kwa sababu ilihitajika kwa baruti, naye alikuwa anaitaka kwa sahani zake za santuri. Akajenga kiwanda chake mwenyewe. Ziada yake akaiuza, na mwaka 1915 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba sehemu ya ziada hiyo ilinunuliwa na wakala wa Wajerumani kwa ajili ya kutengenezea aspirini, isiwafikie watengeneza baruti. Kisa kizuri, lakini hesabu yake ni mbaya: kila kilo ya fenoli inakula asidi na kostiki nyingi, na unabaki na marundo ya chumvi za salfa ambazo mnunuzi wake ni kiwanda cha karatasi, ukiwa na bahati yuko karibu. Njia hiyo inalipa pale tu bei ya fenoli ikiwa ya wazimu, kama wakati wa vita.

Zikafuata njia za klorini. Unaipa benzini klorini, kisha unaing'oa klorini hiyo kwa kostiki kwenye joto la zaidi ya nyuzi 350 na shinikizo kubwa. Dow wa Marekani ndio walioifanya kwa wingi. Klorini na kostiki zote mbili zinatoka kwenye maji ya chumvi yanayopitishiwa umeme, chumvi hii hii kama ya Uvinza. Ukimaliza, klorini yako yote imerudi kuwa chumvi. Yaani umenunua umeme wa kuvunja chumvi, ukaulipia, halafu ukatengeneza chumvi upya. Penye umeme wa bei ya chini inawezekana. Kwingine ni kujikamua. Wajerumani wa Raschig walijaribu kukwepa kwa kutumia asidi ya haidrokloriki inayozunguka na kurudi, wakaokoa klorini, lakini asidi hiyo ikila mabomba yako, pesa uliyookoa kwenye klorini unaipeleka kwa mchomeleaji.

Iliyoshinda zote ni njia ya kumini, na hadi leo sehemu kubwa mno ya fenoli duniani, ambayo ni zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka, inapita hapo. Heinrich Hock na Shon Lang waliitangaza Ujerumani mwaka 1944. Wasovieti nao walikuwa wameifikia kivyao, na kiwanda chao cha Dzerzhinsk kikaanza mwaka 1949. Kazi yenyewe: unaunganisha benzini na gesi ya propilini, ambazo siku hizi zinatoka zaidi kwenye mafuta ghafi, upate kumini. Unaipulizia kumini hewa ya kawaida, hewa ya bure, hadi inakuwa haidroperoksaidi, kitu chenye hasira ambacho ukikipasha joto ovyo kinalipuka. Halafu matone ya asidi yanakipasua vipande viwili: kimoja fenoli, kingine asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Hakuna klorini, hakuna rundo la chumvi. Kioksidishaji ni hewa. Ndiyo maana ilizipiku zote.

Sasa hicho kipande cha pili ndicho jibu la kijana wa duka. Kwa kila tani ya fenoli zinatoka kilo kama 600 za asetoni, upende usipende. Watu wa Kigoma hili hatuhitaji kufundishwa: ukikamua chikichi unapata mawese, lakini na mise, zile kokwa za ndani, zinabaki mkononi. Mafuta ya mise yakiwa na soko kwa watengeneza sabuni, mkamuaji anaweza kuuza mawese kwa bei ya kirafiki. Mise zikikosa mnunuzi, mawese yanabeba mzigo wote peke yake. Fenoli na asetoni ndivyo zilivyo.

Nimpe mfano wenye namba za kubuni, mradi hesabu ionekane. Tani ya fenoli inataka takriban kilo 880 za benzini na kilo 470 za propilini, ukihesabu na upotevu. Tuseme zote mbili ziko dola 900 kwa tani. Malighafi imekula kama dola 1215. Asetoni ikiwa dola 600 kwa tani, kilo zako 600 zinarudisha dola 360, fenoli inabaki na deni la dola 855. Asetoni ikianguka hadi dola 300, zinarudi 180 tu, deni la fenoli linapanda hadi 1035. Benzini haijasogea, propilini haijasogea, mafuta ghafi yamelala, na fenoli imepanda dola 180. Bado hujalipa mvuke, mishahara wala benki.

Na asetoni ina kawaida ya kuzidi, kwa sababu mlaji mkubwa wa fenoli ni bisifenoli A, ambayo inatengenezea plastiki ya polikaboneti ya vioo vya taa za magari na resini za epoksi. Kila molekuli yake inakula fenoli mbili na asetoni moja. Kumini inatoa moja kwa moja. Kwa hiyo bisifenoli ikichangamka, fenoli yote inaondoka na nusu ya asetoni inabaki ikitafuta wa kuipokea. Zamani ilipokelewa na watengeneza akriliki, lakini nao wamepata njia nyingine: Lucite walifungua Singapore mwaka 2008 kiwanda kinachoanzia kwenye ethilini, bila asetoni. Wajapani wa Mitsui wao walichoka kuhangaika na soko, wakabuni namna ya kuirudisha asetoni iwe propilini tena iingie mwanzo wa mtambo. Inakula haidrojeni, lakini walau huhitaji kumpigia mtu simu umbembeleze anunue.

Mara moja moja meza inageuka. Mwaka 2020, kila mtu akitafuta kitakasa mikono, alkoholi ya isopropili ikapanda bei, na inaweza kutengenezwa kutoka asetoni. Viwanda vya magari vilikuwa vimelala, fenoli haina haraka, ila asetoni ikawa ndiyo inayoagizwa. Mise zikalipa kuliko mawese.

Kuna waliojaribu kuikimbia asetoni kabisa. Dow, na baadaye DSM wa Uholanzi, walianzia kwenye toluini: unaioksidisha iwe asidi ya benzoiki, kisha shaba inakusaidia kuigeuza fenoli. Hakuna asetoni, lakini kaboni moja kati ya saba inatoka bombani kama hewa ya ukaa, na lami inakuganda mtamboni. Inalipa toluini ikiwa chini sana ya benzini, na hali hiyo haidumu, kwani viwanda vipo vinavyogeuza toluini kuwa benzini. Pengo likipanuka tu wanalila wao kwanza. Solutia wa Marekani na Warusi wa Taasisi ya Boreskov walikwenda mbali zaidi miaka ya 1990, wakapitisha benzini na gesi ya naitrasi oksaidi juu ya zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno) yenye chuma, fenoli ikatoka kwa hatua moja. Kikemia ni kitu cha kupendeza, ningeifundisha kwa furaha. Kibiashara ikakwama: naitrasi oksaidi ya bure unaipata pale tu penye kiwanda cha asidi ya adipiki, malighafi ya nailoni, kinachoitoa kama taka. Ukilazimika kuitengeneza mwenyewe, umekwisha.

Basi ndiyo hivyo. Kumini inatawala na asetoni inashika usukani wa nyuma. Miaka hii China imejenga mitambo mingi ya fenoli kwa mkupuo, na mwaka 2025 INEOS, mzalishaji mkubwa kuliko wote, akatangaza kufunga kiwanda chake cha Gladbeck, Ujerumani, akilaumu bei ya nishati na ya kaboni huko Ulaya. Kwa mnunuzi wa bodi za kutoka China, soko lililojaa fenoli si habari mbaya.

Yote haya yanamhusu vipi fundi wa Buzebazeba anayetaka bodi sita kesho asubuhi? Yanamhusu hivi. Gundi ya urea bei yake inafuata gesi asilia, au makaa ya mawe kwa ile ya China. Gundi ya fenoli inafuata benzini, propilini, na kinyumenyume inafuata asetoni. Kamba mbili tofauti. Kuna miezi pengo la bei kati ya gundi hizi ni dogo na mwenye kiwanda hana sababu ya kudanganya. Kuna miezi linapanuka, na hapo kishawishi kinaingia: kuchanganya melamini, kuongeza unga wa ngano kwenye gundi kuliko inavyopasa (kidogo ni kawaida ya kazi, usishtuke), kupunguza gramu, kutia rangi. Mhuri haubadiliki. Jina la bodi halibadiliki. Bodi imebadilika. Ndiyo maana fundi mmoja atakuapia kwamba aina fulani ni chuma, na mwenzake atakuapia kwamba ni uji, na wote wawili wanasema kweli. Mimi sinunui tena kwa jina. Napima kila mzigo unaposhuka.

Habari njema ni kwamba umbali wetu, ambao kwa kawaida unatuumiza, hapa unatusaidia. Nauli ya lori kutoka Dar kupitia Dodoma na Tabora ni ileile kwa bodi mbovu na bodi nzuri, zina uzito wa kukaribiana. Kwa hiyo bodi mbovu ikiwa Kariakoo inaonekana rahisi kwelikweli, ikifika Mwanga imeshavikwa nauli na urahisi wake umepungua. Kulipa nauli ya kilomita zaidi ya elfu moja kwa ajili ya urea, hapana.

Chukua hesabu ya stoo yangu. Bodi ya elfu hamsini na tano inanipa mimwago mitatu ya zege, minne nikiitunza. Nikigawa kwa minne ni shilingi 13,750 kwa kila mmwago. Ya elfu sabini na nane, nikiipaka rangi ya mafuta kingoni kila inapokatwa na kutoiacha ikilala juu ya udongo, inafika kumi na miwili bila kulalamika: shilingi 6,500. Na sijahesabu muda wa kijana wangu kukwangua, wala aibu ya slabu yenye uso wa mabonde ambayo fundi atasema imesababishwa na bodi za mwalimu.

Kwa nini basi nimeinyima nyota ya tano? Kingo. Kiwandani wanazipaka rangi vizuri, lakini ile rangi inabanduka kona ikigonga tu ubao wa lori, na kati ya mzigo wangu zipo zilizofika kona zimechomolewa. Ngozi nyeusi pia inateleza mno mvua ikinyesha. Fundi mmoja alikaribia kushuka nayo kutoka ghorofa ya kwanza. Na uzito wake si wa mchezo, mtu mmoja asijaribu kuipandisha peke yake.

Za Mafinga nina maoni mafupi: nilizopata zilikuwa na tabaka zilizonyooka na mapengo machache, gundi ya wastani. Ningetamani siku moja wajaribu gundi ya tanini, ile dawa inayokamuliwa kwenye magome ya miti. Afrika Kusini gundi ya magome ya miwati inashika mbao kwa miaka mingi, nasi Njombe kuna kampuni ya TANWAT wanaokamua tanini hiyo hiyo tangu enzi za mkoloni. Tanini nayo ina tabia za fenoli ndani yake, na haijui asetoni ni nini. Nchi za Nordiki wao wanapunguza fenoli kwa lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao zenyewe. Wenye viwanda wanisikie.

Kuhusu duka lenyewe silitaji, kwani nina neno nao. Huduma ya kaunta ni nzuri, kijana ana adabu, anakata kona bila kununa, na risiti ya EFD anatoa kabla hujaidai. Tatizo ni stoo. Mabodi yanasimamishwa ukutani yameegemea, bila kulazwa, na ya mbele yamepinda kama yanataka kukaa; ukienda, sema wakutolee ya katikati. Niliporudisha moja iliyopinda, mwenye duka aliniambia, "Mama, ukiiwekea mirunda mingi itanyooka yenyewe." Mirunda ni yangu, kwa hiyo nikamwelewa alikokuwa anaelekea. Alibadilisha, lakini baada ya maneno mengi.

Kuanzia bodi kumi wanashusha bei hadi elfu sabini na tano na wanakufikishia bure Gungu na Ujiji. Kibirizi, ambako ni karibu zaidi kuliko Ujiji, wanadai nauli. Nimeuliza sababu, nimejibiwa kwamba ndivyo bosi alivyopanga.